UZI: Kuweka utafutaji wa matini ya Kiswahili ndani ya PostgreSQL yenyewe, bila kuhamia Elasticsearch

MkulimaDijitali (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nina databesi ya maswali ya wakulima. Mtu anauliza kuhusu viwavijeshi kwenye mahindi, bwana shamba anajibu, tunatunza. Sasa imekua, na utafutaji bado unakwenda kwa `ILIKE '%neno%'`, yaani kila anayebonyeza kitufe anailazimisha seva kusoma jedwali zima tangu mstari wa kwanza.

Ni PostgreSQL 15 kwenye huduma ya kukodi. SQL ninayo yote, ila mafaili ya mashine siyagusi.

Nimejaribu `to_tsvector('english', ...)`, ile inayogeuza matini kuwa maneno ya kutafutwa kwa sheria za Kiingereza, kwa kuwa ndiyo iliyojaa kwenye mafunzo. Kasi imekuja, majibu ndiyo vituko:

"Same" (wilaya ile ya Kilimanjaro) inaleta sifuri, na maswali ya kutoka Same yapo tele.
"ngombe" haileti yaliyoandikwa "ng'ombe".
"shamba" haileti "mashamba".

Nikomae na hii au nihamie Elasticsearch, injini ya utafutaji inayokaa nje ya databesi?

---

Kidole Gumba

Hamia Elasticsearch mkuu, usijitese. Kazi ya databesi ni kutunza, kutafuta kuna wenyewe.

---

fundi_seva

Kidole Gumba, umemjibu haraka mno. Hayo matatu aliyoyataja ukiyatazama moja moja, mawili hayaponi kwa kuhama.

Tuanze na Same, kwa sababu hiyo imenichekesha. Usanidi wa `english` unakuja na faili la maneno ya kuachwa: the, of, and na wenzao. Ndani ya orodha hiyo limo neno same. Kwa hiyo wilaya nzima inatupwa kabla haijafika kwenye indeksi (orodha ya kutafutia). Mtu akitafuta, swali lake nalo linabaki tupu, na PostgreSQL inatoa onyo tu kwamba hakuna kilichobaki cha kutafuta, onyo ambalo programu yako bila shaka hailioni. Hakuna kilichoharibika, umemwambia mashine kwamba hiki ni Kiingereza nayo ikakuamini.

Ukitumia `simple` badala ya `english`, Same inarudi. `simple` inashusha herufi kubwa kuwa ndogo na kuishia hapo. Haikati kitu, haiachi kitu.

Sasa mashine yenyewe inavyofanya kazi, maana bila hili tutabaki kubahatisha. Matini inapita kwa mchanganuzi anayeikata vipande (neno, namba, barua pepe, anwani ya tovuti na kadhalika). Kila kipande kinapelekwa kwa kamusi moja au zaidi kwa zamu. Kamusi inaweza kulirudisha neno kama lilivyo, kulibadilisha, au kulitupa. Kinachotoka kinaitwa lekseme. Lekseme zinapangwa kwa alfabeti pamoja na nafasi zake kwenye matini, na hiyo ndiyo `tsvector`. Juu yake unaweka indeksi ya GIN, ambayo ni orodha iliyogeuzwa: kila lekseme na mistari inamopatikana. Ukitafuta, unafungua lekseme na kuchukua orodha yake. Jedwali halisomwi tena lote.

Kazi hii waliifanya Oleg Bartunov, wa Taasisi ya Falaki ya Sternberg kule Chuo Kikuu cha Moscow, pamoja na Teodor Sigaev. Kwa miaka kadhaa ilikuwa nyongeza ya pembeni ikiitwa tsearch2. GIN iliingia toleo 8.2 mwishoni mwa 2006, na utafutaji wenyewe ukaingizwa ndani ya PostgreSQL kwenye 8.3, Februari 2008. Mimi naona si bahati kwamba waliotengeneza ni Warusi. Kirusi kinabadilisha mwisho wa neno kila kukicha, kwa hiyo tabaka la kamusi walilifanya la kuchomeka na kuchomoa tangu awali. Hapo ndipo na sisi tunapata pa kuingilia.

---

Nanasi

Kwa hiyo lugha yetu haimo? Nimeona kwenye toleo 12 la 2019 waliongeza Kiarabu, Kiindonesia, Kinepali, Kitamili.

---

fundi_seva

Haimo. Hizo zote zinatoka kwenye mradi wa Snowball, wanaotengeneza programu za kulikata neno libaki shina, na Kiswahili hawana. Ndiyo maana nikasema kuhama hakuponyi: Elasticsearch nayo ina orodha ya vichanganuzi vya lugha vinavyokuja navyo, kuanzia Kiarabu mpaka Kithai, Kiswahili hakimo.

Na hata kingekuwamo cha mtindo huo, mashaka yapo. Programu nyingi za Snowball zinakata mwisho wa neno. Sisi mwisho tunao (-ni, -wa, -isha, -ana), lakini mzigo mkubwa umekaa mbele. Ngeli zote ziko mbele. Nafsi mbele, wakati mbele, mtendwa mbele. "Sikumpandia" ina vitu vitatu kabla hujafika kwenye mzizi.

---

Binti Kilindini

Salamu kutoka Mombasa. Fundi, hilo la ng'ombe hujaligusa na ndilo linalouma kwetu pia. Sisi tuna katalogi ya vitabu, mambo ni yale yale.

Endesheni hii muone:

```sql
SELECT to_tsvector('simple', 'ng''ombe');
-- 'ng':1 'ombe':2
```

Mchanganuzi wa PostgreSQL anaiona ile alama ya ritifaa (') kama nafasi tupu, hivyo ng'ombe anachinjwa vipande viwili. Aliyeandika "ngombe" ni neno moja, aliyeandika "ng'ombe" ni mawili, hawakutani milele. Ubaya mwingine: simu nyingi zinabadilisha ' kuwa ’ zenyewe, kwa hiyo katika databesi moja unaweza kuwa na alama tatu nne tofauti zote zikidai ni kitu kimoja.

Dawa yetu ni kuzifuta zote, pande zote mbili, kabla mchanganuzi hajaona chochote:

```sql
CREATE FUNCTION safisha(t text) RETURNS text
LANGUAGE sql IMMUTABLE PARALLEL SAFE AS $$
  SELECT translate(lower(coalesce(t,'')), '''’‘ʼ`', '')
$$;
```

Ndiyo, ng'oa na ngoa zinakuwa kitu kimoja. Kwenye maswali ya kilimo anayetafuta kung'oa visiki hatasumbuliwa sana na wenye ngoa.

Kwa haki ya Kidole Gumba: hapa Elasticsearch ina nafuu. Mchanganuzi wake wa kawaida hauvunji neno penye alama hiyo katikati ya herufi. Lakini bado "ngombe" na "ng'ombe" hazitakutana mpaka ufanye usafi kama huu.

---

MkulimaDijitali

Dada ahsante sana, hili la simu kubadilisha alama sikuwa nalo kabisa. Nimeangalia, kweli zipo aina tatu kwenye data yangu.

Nimefanya hivi:

```sql
ALTER TABLE maswali ADD COLUMN ts tsvector
GENERATED ALWAYS AS (
  setweight(to_tsvector('simple', safisha(kichwa)),  'A') ||
  setweight(to_tsvector('simple', safisha(maelezo)), 'B')
) STORED;

CREATE INDEX CONCURRENTLY maswali_ts ON maswali USING gin (ts);
```

Niko sawa?

---

fundi_seva

Uko sawa. Mawili ya kuangalia.

La kwanza, safu ya kujizalisha yenyewe (ipo tangu toleo 12) ukiiongeza kwenye jedwali lililojaa, jedwali zima linaandikwa upya na muda wote huo limefungwa, hata kusoma hakuna. Kwa jedwali dogo ni kufumba na kufumbua. Kwa kubwa, fanya usiku, au tumia safu ya kawaida na triga (kazi inayojiendesha kila mstari unapoandikwa) ujaze kwa mafungu. Indeksi umefanya vizuri kuweka CONCURRENTLY, inajengwa bila kuzuia wanaoandika.

La pili, kila mara taja `'simple'` waziwazi. `to_tsvector(maelezo)` bila jina la usanidi inategemea mpangilio wa seva, na PostgreSQL itaikataa kwenye safu ya aina hii. Watu wanaokwama hapo ni wengi, na wengine wanakwama kwa sababu wameingiza `unaccent` (ya kuondoa alama za juu ya herufi) ndani, ambayo nayo haikubaliki bila kuizungushia funksheni yako.

---

Mgeni Rasmi

Samahani wakubwa, mimi niko kwenye MySQL, hosting ya bei poa. FULLTEXT ya kule (indeksi yake ya kutafuta maneno) haitoshi?

---

fundi_seva

Inatosha kwa mengi. Ila jua urefu wa neno. MySQL ina injini mbili za kuhifadhi jedwali, MyISAM na InnoDB. Kwa MyISAM, neno chini ya herufi 4 haliingii kwenye indeksi kabisa isipokuwa ubadilishe mpangilio wa seva, na kwenye hosting ya pamoja huubadilishi. Mkulima wa mua ameshatoka. InnoDB ilipata FULLTEXT kwenye toleo 5.6 mwaka 2013, na kiwango chake ni herufi 3, kwa hiyo mua anarudi. MyISAM pia ina tabia ya kulipuuza neno lililo kwenye nusu ya mistari au zaidi. Jaribu kwenye jedwali lako dogo la mifano lenye mistari mitatu utadhani FULLTEXT ni mbovu.

Kamusi za kuchomeka kama za PostgreSQL hazipo kule. Usafi wote utafanya kwenye programu yako.

---

Nanasi

Na kwa app ya simu inayofanya kazi bila intaneti, SQLite (databesi ndogo inayokaa ndani ya app) ina FTS5, nyongeza yake ya kutafuta matini, na tangu toleo 3.34 ina kikata-maneno cha trigramu, yaani vipande vya herufi tatu tatu. Nimeona niongeze tu, tusitoke nje ya uzi.

---

MkulimaDijitali

Tumebaki na shamba, mashamba, shambani, mashambani. Na vitenzi: kupanda, nilipanda, wanapanda, haijapandwa.

Nimefikiria kuandika sheria: likianza na "ma" kata, "vi" kata, "wa" kata...

---

Binti Kilindini

Usithubutu kaka. Kitabu ukikikata ki unabaki na tabu, na tabu ni neno halali lenye shida zake. Majani ukiyakata ma unapata jani, sawa; maji ukiyakata ma unapata ji. Meno na jino? Macho na jicho? Nyimbo na wimbo? Na ngeli ya N haina hata cha kukata: mbegu moja, mbegu gunia.

Kuna ujanja nusu unaopendeza. PostgreSQL inajua kutafuta kwa mwanzo wa neno, `'shamba:*'` inaleta shamba na shambani. Sisi shida yetu iko mbele. Basi ligeuze neno:

```sql
to_tsvector('simple', reverse(safisha(maelezo)))
```

Halafu tafuta `adnap:*`. Unapata kupanda, nilipanda, wanapanda, tutapanda, amepanda, aliyepanda, wanaopanda, nimeipanda, yote kwa mkupuo mmoja. Nomino nazo: `otot:*` inakusanya mtoto, watoto, kitoto, utoto. Nilipoiona mara ya kwanza nilicheka peke yangu ofisini.

---

fundi_seva

Hii ni nzuri sana dada, naiba.

Lakini "hawapandi" haimo, kwa sababu kanushi imebadilisha irabu ya mwisho. "Imepandwa" haimo. "Mpandaji" haimo. Shambani haimo kwenye iliyogeuzwa, imo kwenye ya kawaida. Na mashambani haimo kwenye yoyote, ina mzigo mbele na nyuma.

---

Kidole Gumba

Ndiyo maana nilisema...

Haya natania. Trigramu je? `pg_trgm` inatengeneza indeksi ya vipande vya herufi tatu tatu, na `LIKE '%shamba%'` inaitumia. Humo mashambani anaingia.

---

fundi_seva

Anaingia. Ukiiweka kwenye safu ya `maelezo`, hata hivyo, indeksi inakuwa kubwa, na kila mstari uliopatikana lazima usomwe tena kuhakikisha. Mizizi yetu mingi pia ni mifupi. `%som%` ni trigramu moja tu, nusu ya databesi itajitokeza. `%la%` haina hata moja, indeksi inapitiwa yote. Na ukishatumia LIKE umepoteza uzito wa kichwa na maelezo, umepoteza kutafuta kifungu, umerudi ulikotoka ukiwa na gari la kasi zaidi.

Lakini wazo la Kidole Gumba lina mahali pake, nalo ndilo ninalotaka kulieleza kwa kirefu, maana kwa Kiswahili naona ndiyo njia yenyewe. Trigramu usiziweke kwenye matini. Ziweke kwenye msamiati.

Nyaraka zinaweza kuwa laki kadhaa, ila maneno tofauti yaliyomo ni machache zaidi, na yanaongezeka polepole kadiri data inavyokua. PostgreSQL ina funksheni inayokupa orodha yote pamoja na hesabu ya nyaraka zenye kila neno:

```sql
CREATE EXTENSION IF NOT EXISTS pg_trgm;

CREATE MATERIALIZED VIEW msamiati AS
SELECT word, ndoc FROM ts_stat('SELECT ts FROM maswali');

CREATE UNIQUE INDEX ON msamiati (word);
CREATE INDEX ON msamiati USING gin (word gin_trgm_ops);
```

`ts_stat` inasoma jedwali lote, kwa hiyo iburudishe usiku kwa `REFRESH MATERIALIZED VIEW CONCURRENTLY`, si kila mtu anapotafuta. Ule indeksi wa kipekee nimeuweka kwa sababu CONCURRENTLY inaudai.

Sasa uliza:

```sql
SELECT word, ndoc FROM msamiati
WHERE word LIKE '%shamba%' ORDER BY ndoc DESC;
```

Utaletewa kila umbo ambalo wakulima wako wameliandika kweli: shamba, mashamba, shambani, mashambani, na makosa yao ya tahajia humo humo. Hubuni sheria za sarufi, unasoma walichoandika watu. Na kama una wakulima wa Lushoto, utaletewa pia "washambaa" na "kishambaa", ambao hawahusiki kabisa. Ndiyo sababu nasema mtu apitie kwa macho, mashine isiachiwe. Maneno mia chache yanayotafutwa zaidi yanabeba sehemu kubwa ya kazi. Anza na hayo.

Makundi uliyoyakubali yaweke kwenye jedwali, kisha muache `ts_rewrite` apanue swali:

```sql
CREATE TABLE upanuzi (t tsquery PRIMARY KEY, s tsquery);

INSERT INTO upanuzi VALUES
 ('shamba',   'shamba | shambani | mashamba | mashambani'),
 ('mashamba', 'shamba | shambani | mashamba | mashambani'),
 ('maharage', 'maharage | maharagwe'),
 ('maharagwe','maharage | maharagwe');

CREATE FUNCTION swali(maneno text) RETURNS tsquery
LANGUAGE plpgsql STABLE AS $$
DECLARE q tsquery := websearch_to_tsquery('simple', safisha(maneno));
BEGIN
  RETURN ts_rewrite(q, format(
    'SELECT t, s FROM upanuzi WHERE %L::tsquery @> t', q::text));
END $$;
```

Uzuri wake: indeksi haiguswi. Ukiongeza neno leo mchana, anayetafuta dakika hiyo hiyo analipata. Ungefanya kwa kamusi ndani ya `tsvector`, kila badiliko lingekudai ujenge upya safu nzima. Na hii ni SQL tupu, kwa hiyo MkulimaDijitali na huduma yake ya kukodi hana haja ya kuomba mtu amwekee faili.

Kile kipande cha `@> t` usikiondoe ukidhani ni pambo. Bila hicho, `ts_rewrite` inapitisha kila mstari wa jedwali juu ya matokeo ya mstari uliotangulia. Shamba inapanuka kuwa nne, halafu mstari wa mashamba unaipanua ile mashamba iliyotokana na wa kwanza, na kwenye kundi lenye maumbo ishirini swali linavimba mpaka seva ipumue kwa shida. Ukichuja kwa swali la asili, inafanya kazi mistari inayohusika na alichoandika mtu tu.

---

Binti Kilindini

Hili la maharage na maharagwe limenifurahisha. Huku kwetu ukiandika maharage watakujua umevuka Horohoro.

Fundi, vitenzi je? Kundi la -pand- litakuwa na maumbo mangapi? Nafsi, wakati, kitenzi kirejeshi, mnyambuliko...

---

fundi_seva

Kwenye karatasi, maelfu. Kwenye msamiati wako halisi, machache sana ya hayo. Watu hawaandiki kila kinachowezekana. Wakulima wanaandika nimepanda, nilipanda, kupanda, nipande, imepandwa, sijapanda. "Hatutawapandishieni" labda uikute kwenye mtihani wa Kiswahili.

Changanya na ujanja wako wa kugeuza: hautakuwa utafutaji wenyewe, utakuwa wa kukusanya makundi. `WHERE word LIKE '%pand%'` inaleta vyote, pamoja na upande, pande na kipande. Hao unawatoa kwa mkono. Ni kazi ya jioni chache ukiwa na chai, mzizi baada ya mzizi, na ukimaliza una kitu ambacho hakuna anayeuza.

---

MkulimaDijitali

Nimeweka. Same imerudi, ng'ombe wote wamekusanyika zizini, mashambani inapatikana.

Kimebaki hiki: mtu akiandika *ng'ombe wa maziwa*, hati inayosema "maziwa ya ng'ombe" wakati mwingine haitokei.

---

Nanasi

Ni "wa". `simple` haiachi neno, na `websearch_to_tsquery` inaunganisha yote kwa "na", kwa hiyo hati isiyo na "wa" imeanguka mtihani.

---

fundi_seva

Sahihi. Mwenye seva yake mwenyewe anatengeneza faili `swahili.stop` ndani ya folda ya `tsearch_data`, anaunda kamusi ya aina ya simple yenye `STOPWORDS = swahili`, mambo yamekwisha. Wewe wa kukodi, yaondoe upande wa swali tu, kwenye mstari wa DECLARE:

```sql
q tsquery := websearch_to_tsquery('simple',
  regexp_replace(safisha(maneno),
   '\m(na|ya|wa|kwa|la|za|cha|vya|pa|ni|katika)\M', ' ', 'g'));
```

Orodha iwe fupi. Usijaribiwe kuweka "bila", "si", "kabla". Anayeuliza "kulima bila mbolea" na "kulima kwa mbolea" ni watu wawili wenye shida mbili.

Kasoro ya njia hii: mtu akiweka alama za nukuu, "ng'ombe wa maziwa" kama kifungu, "wa" imetoka kwenye swali ila kwenye indeksi bado imekaa katikati, hivyo ng'ombe na maziwa hawafuatani na kifungu hakipatikani. Kama neno lina nukuu mbili, ruka usafi huo. Faili la stop linalishughulikia hili lenyewe kwa sababu linakumbuka pengo.

---

Kidole Gumba

Na mpangilio wa matokeo? Hapo ndipo mimi bado nashikilia langu. `ts_rank`, funksheni ya PostgreSQL ya kupanga matokeo, haijui neno lipi ni adimu. Ukitafuta "viwavijeshi mahindi", mahindi imo kila mahali na viwavijeshi ndiyo yenye maana, ila zote zinapewa thamani sawa. Lucene, maktaba iliyo ndani ya Elasticsearch, inatumia BM25 (kanuni ya kupanga inayozingatia uadimu wa neno) kama chaguo la kawaida tangu toleo 6.

---

fundi_seva

Hapa umenishika, na sibishani. `ts_rank` inaangalia hati moja moja: neno limo mara ngapi, limo sehemu yenye uzito gani. Takwimu za databesi nzima haina. Tena ili kupanga, inalazimika kusoma `tsvector` ya kila hati iliyolingana, kwa hiyo neno la kawaida kama mahindi linagharimu.

Kwa kazi ya MkulimaDijitali nadhani uzito wa kichwa unatosha. A ina 1.0, B ina 0.4, na wakulima wanaandika tatizo lao kwenye kichwa cha swali. Anayejenga duka lenye bidhaa mamilioni na anayehitaji mpangilio mkali, achukue injini ya nje na akubali gharama yake: nakala ya pili ya data inayoweza kupishana na ya kwanza. Kwenye PostgreSQL swali likifutwa limefutwa na kwenye utafutaji, ndani ya muamala mmoja. Hilo kwangu lina thamani kuliko BM25, kwako huenda lisiwe nayo.

Pia una `ndoc` kwenye msamiati. Unaweza kumpa neno adimu uzito wewe mwenyewe. Sijasema ni kazi nyepesi.

---

Binti Kilindini

Na `ts_headline`, kabla hajakutana nayo akiwa peke yake. Inapigia mstari maneno yaliyopatikana, lakini inasoma matini ya asili. Matini ya asili ina ng'ombe mwenye alama, swali lina ngombe asiye nayo. Matokeo yanakuja, rangi haiji. Aidha uipe `safisha(maelezo)` na wasomaji waone maandishi bila alama na herufi kubwa, aidha upake rangi kwenye programu yako. Sisi tunapaka kwenye programu.

Na iite baada ya LIMIT, kwenye yale kumi ya ukurasa tu. Ni nzito:

```sql
SELECT id, kichwa, ts_headline('simple', maelezo, q)
FROM (
  SELECT id, kichwa, maelezo, q
  FROM maswali, swali('ngombe wa maziwa') AS q
  WHERE ts @@ q
  ORDER BY ts_rank(ts, q) DESC
  LIMIT 10
) x;
```

---

MkulimaDijitali

Imekaa vizuri. Nimegundua kitu kimoja: kuandika kunakuwa kuzito ghafla mara moja moja, halafu kunarudi kawaida.

---

fundi_seva

Hiyo ni GIN. Haiingizi kila neno papo hapo, inaweka kando kwenye orodha ya kusubiri, na orodha ikijaa (4MB kwa kawaida) mwenye bahati mbaya aliyefika wakati huo ndiye anayelipa kwa kuihamisha yote. Ama uizime kwa indeksi hiyo, `ALTER INDEX maswali_ts SET (fastupdate = off)`, uandishi uwe mzito kidogo lakini sawasawa, ama uite `gin_clean_pending_list('maswali_ts')` kila baada ya muda kabla haijajaa. Kwa mtu anayepokea maswali machache kwa dakika, mimi ningeizima.

---

Mgeni Rasmi

Fundi, ukimaliza hayo makundi ya maneno ya kilimo, MkulimaDijitali ayaweke wazi tuyatumie na sisi wengine? Mimi nina ya mifugo.

---

MkulimaDijitali

Nitayaweka kama faili la SQL, INSERT tupu. Nimefika herufi M. Mwenye maneno ya uvuvi au mifugo aniletee kwa mpangilio huo huo wa `t` na `s`, ila ayapitie kwanza, maana kwenye '%kuku%' nimeshakutana na kukumbuka, kukuza na kukubali.